Kombania, Neno la Koplo Sigei

Jumatatu, 3 Juni 1957

Chaki zimekwisha tena. Nusu ya somo nimeandika kwa vipande vya urefu wa ukucha. Wanafunzi kumi na wanne, wote askari, mikono imezoea bunduki kuliko kalamu. Baridi ya kambi hii ya Lanet asubuhi inafanya vidole vigome. Nimewaambia wasugue viganja kwanza, ndipo waandike.

Mtihani wa cheti ni Ijumaa tarehe 28. Kapteni wa elimu amezua jambo jipya. Kila askari amepewa neno moja la jeshi, na siku ya mtihani atasimama mbele ya meza alieleze: maana yake, watu wangapi, nani mkubwa wao, na neno lenyewe lilitoka wapi. Mimi ndiye wa kuandika kurasa za kufundishia. Seksheni. Platuni. Kombania. Batalioni. Na mengine kumi. Orodha imekwisha kupigwa taipu na kubandikwa.

Koplo Sigei amepewa kombania.

Kiprono arap Sigei ndiye mzee wa darasa. Mkipsigis, mtu wa vita ya Burma, miaka kumi na sita jeshini. Kwa kwata hana mwenzake kambini. Makuruta wanamwogopa na wanampenda, yote mawili. Mtihani ameanguka mara mbili. Akianguka ya tatu, amri ni avue nguo za jeshi arudi nyumbani. Nyumbani gani? Baba yake alikuwa skwota huko Molo, na shamba lile limekwisha kupata mwenyewe mwingine.

Nimeamua atapita. Bado sijui kwa njia gani. Atapita.

Jumatano, 5 Juni

Seksheni imekwisha. Platuni imekwisha. Kombania imenishinda.

Kusema ni platuni tatu na makao yake, watu mia na zaidi, meja juu yao, hilo kila mtu analijua. Lakini neno lilitoka wapi? Nimeuliza wapishi, nimeuliza karani, nimeuliza koplo wa stoo. Wote jibu moja: kombania ni kombania, Mwalimu. Mzee mmoja anayefagia uwanja wa paredi, alipigana ile vita ya kwanza, anasema neno hili walilisikia kwa askari wa Mdachi huko Tanganyika kabla ya kulisikia kwa Mwingereza. Labda. Labda kila jeshi lililopita hapa lilikuwa nalo na sisi tukaliokota njiani.

Nimekwenda kwa Kapteni. Ni kijana, ana miwani, anapenda maneno kuliko bunduki. Akatoa kamusi nene kama tofali. Tukasoma pamoja, yeye akinieleza. Neno ni la Kilatini cha zamani. Sehemu ya kwanza maana yake pamoja. Ya pili maana yake mkate. Kombania ni watu wanaokula mkate pamoja.

Nilirudi bwenini karibu nikikimbia. Miaka tisa nimevaa nguo hizi na sikujua. Kabla ya bunduki, kabla ya bendera, ni watu na chakula chao. Hilo askari yeyote atalielewa hata kama hajui kusoma. Sigei atalielewa. Nimefurahi mno leo.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefundisha kombania. Darasa liliamka. Mmoja akasema kwao wangeita watu wa sufuria moja. Mwingine akasema basi mpishi ndiye meja. Tulicheka.

Sigei hakucheka. Aliweka kalamu, akasimama, akatoka. Bila ruhusa, bila saluti. Kofia yake ilibaki juu ya benchi.

Nilikasirika. Mbele ya wote! Kutoka darasani bila ruhusa ni kosa la kuandikwa. Nilishika kalamu niandike. Sikuandika. Nilikuwa nimeuona uso wake alipokuwa akipita mlangoni. Haukuwa uso wa mtu mwenye kiburi.

Ijumaa, 7 Juni

Hakuja. Nimemwona uwanjani akifundisha makuruta kugeuka nyuma. Sauti ile ile, mgongo umenyooka vile vile. Kama si yeye wa jana.

Sajini-Meja Mutiso, ambaye ndiye anayeshika nidhamu ya kambi nzima, amenisimamisha karibu na bohari. Koplo wako yuko wapi saa za darasa? Nikasema nimempa ruhusa.

Uongo. Wa kwanza tangu nivae nguo hizi. Ulitoka laini kama maji. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimempata Sigei nyuma ya bohari akipaka chokaa mawe ya njia. Kazi ya kuruta. Anajipa adhabu mwenyewe.

Nikampa kofia yake. Akaichukua bila kuniangalia.

"Mwalimu, nipatie neno ingine."

"Maneno yamegawanywa, Koplo. Orodha imekwenda ofisini."

"Hata batalioni. Hata ikiwa ngumu. Hiyo siwezi."

Nikamuuliza kwa nini. Akaendelea kupaka. Jiwe lile lile, mara tatu.

Nimekwenda kwa Kapteni kuomba abadilishiwe. Amekataa, si kwa ubaya. Nikimbadilishia mmoja, anasema, kesho wote kumi na wanne watakuwa mlangoni. Ana haki. Basi. Hatuwezi kulizunguka neno hili, tutapita katikati yake.

Jioni, baada ya paredi, nimerudi bohari; nitakuwa nikirudi kila jioni. Nimekaa juu ya ndoo. Naye hakunifukuza.

Alhamisi, 13 Juni

Leo amesema. Naandika yote kabla sijasahau hata moja, ingawa sidhani nitasahau.

Ilikuwa Burma, msimu wa mvua. Kombania yao ilikuwa ikipanda mlima wa mianzi. Wajapani walikuwa juu. Katika kurudi nyuma, Sigei na mwenzake wakapoteana na wengine. Huyo mwenzake alipigwa risasi ya paja. Jina lake Yohana Ombima. Sigei alimbeba mpaka mtoni, wakajificha chini ya mwamba. Siku tatu. Mvua haikukatika. Sigei chakula chake kilianguka mlimani. Yohana alikuwa na kifurushi kimoja cha biskuti za jeshi.

Siku ya tatu Yohana akampa kifurushi chote. Akamwambia, "Kula wewe. Wewe ndio uko na miguu."

Sigei akala.

Kisha akaniambia, naandika kama alivyosema: "Nilikula zote, Mwalimu. Sikumwachia hata moja. Nilimgeuzia mgongo ndio asione vile nakula. Nilikuwa nasikia anahema nyuma yangu na mimi natafuna. Asubuhi alikuwa amekufa. Sasa wewe unasimama hapo na chaki unasema kombania ni watu wanakula mkate pamoja. Mimi nitasimama mbele ya meza niseme hivyo?"

Alichimba kaburi kwa sufuria yake ya bati na mikono, akamzika. Akatembea siku mbili akafika kwa wenzake. Walimpa medali. Hajaivaa hata mara moja. Nilidhani ameipoteza.

Mimi niliyefurahi kama mtoto na kamusi yangu. Nimeona aibu.

Lakini Ombima ni jina la kwetu Maragoli. Hilo sikumwambia bado.

Jumapili, 16 Juni

Nyumbani kwa mama, mtaa wa Bondeni. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akichochea moto wa garimoshi, na reli ndiyo iliyotuleta Nakuru. Tangu wakati huo hakuna mtu wa Maragoli aliyeshuka stesheni hii ambaye mama hamjui. Nikamtajia Yohana Ombima. Akaweka chini ungo wa maharagwe.

Yohana alikuwa na mke. Dorika. Hakuolewa tena. Anakamua ng'ombe kwenye shamba la Mzungu huko Njoro, miaka mingi sasa. Mama humwona kanisani siku za Pasaka.

Nikamweleza mama habari yote. Akasema niache. Huyo mwanamke amelia akamaliza, nani amekutuma ukamfukulie? Nikasema kuna mtu ambaye hajamaliza. Akachagua maharagwe mpaka ungo ukaisha.

"Basi nendeni," akasema. "Lakini yeye ndiye aseme. Wewe ufunge mdomo."

Anajua mwanawe.

Jumatatu, 17 Juni

Nimemwambia Sigei kuhusu mjane. Nilidhani atashukuru. Mjinga mimi.

Alisimama akanitazama kama ninavyomwona akimtazama kuruta aliyeangusha bunduki. Akasema mimi ni askari wa chaki. Akasema sijawahi kusikia risasi inayonitafuta mimi. Akasema niende nikatafute maana za maneno yangu vitabuni, nimwache na maiti wake.

Ni kweli niliingia jeshini vita imekwisha. Ni kweli sijasikia risasi ikinitafuta. Imeniuma kwa sababu ni kweli.

Bohari sikwenda leo.

Jumanne, 18 Juni

Nimekwenda. Nimekaa juu ya ndoo. Naye akaendelea kupaka.

Jumatano, 19 Juni

Sajini-Meja ameniita ofisini. Anataka orodha ya mwisho ya watahiniwa. Koplo Sigei hajafika darasani karibu majuma mawili, anajua, ana macho. Nimfute. Asiyefanya mtihani ni sawa na aliyeanguka, na nafasi yake inahitajiwa na vijana.

Nikasema sitamfuta.

Akadhani hakusikia vizuri. Nikarudia. Nikasema pia kwamba ruhusa niliyosema nilimpa sikumpa, nilidanganya, na kama kuna wa kuandikwa niandikwe mimi.

Mutiso si mtu mbaya. Anapenda mistari inyooke. Alinitazama sana. Kisha akafuta likizo yangu ya mwezi wa saba, yote, akaniambia jina libaki na kama Koplo hatatokea siku ya mtihani nitapoteza mstari mmoja wa cheo mkononi.

Mama alikuwa akinitarajia twende nyumbani wakati wa mavuno. Sasa hatutakwenda. Sijutii. Nasema tena ili niamini: sijutii.

Ijumaa, 21 Juni

Sigei alikuwa darasani kabla yangu. Kiatu kinang'aa. Daftari limefunguliwa. Nani amemwambia habari ya likizo yangu sijui, kambini maneno hayana mlango.

Somo lilipokwisha alisubiri wengine watoke. Akasema neno moja: "Jumapili."

Jumapili, 23 Juni

Garimoshi la asubuhi mpaka Njoro, daraja la tatu. Sigei alikaa wima njia nzima, mikono juu ya magoti, kama anapelekwa mahakamani. Amevaa nguo za jeshi. Medali ilikuwa mfukoni, niliona umbo lake kwenye kitambaa.

Kutoka stesheni tulitembea katikati ya ngano mpaka nyumba za wafanyakazi. Dorika alikuwa akisugua madebe ya maziwa. Mwanamke mrefu, mikono yenye nguvu, kitambaa cheupe kichwani. Nikajitambulisha kwa jina la baba na ukoo wetu. Akatuletea benchi. Mimi nilikaa. Sigei hakukaa.

"Mama, mimi nilikuwa na Yohana," akasema. "Mpaka mwisho."

Dorika aliacha brashi ya kusugulia ikaanguka ndani ya debe.

Sigei akasema yote. Alisimama sawasawa kama mbele ya kamanda. Mlima, paja, mto, mwamba, kifurushi. Hakujipunguzia. Alipofika pale alipogeuza mgongo, akaanza sentensi upya, akaimaliza.

Dorika akauliza jambo moja. "Wakati ulikuwa unakula, alikuwa amekufa tayari?"

"Hapana, Mama. Alikuwa hai."

Akachukua jembe lililoegemea ukuta akaenda shambani kwake, kijishamba cha viazi nyuma ya nyumba. Akaanza kulima. Hakututazama. Alilima tuta la kwanza. Alilima la pili. Manyunyu yakaanza. Nilitaka kuondoka. Nilitaka kusema kitu, chochote, nikakumbuka maneno ya mama nikafunga mdomo. Sigei hakusogea hata hatua. Maji yalikuwa yakitiririka kwenye kofia yake.

Dorika alirudi udongo umemfika magotini. Akasimama mbele ya Sigei.

"Alikupatia ama ulichukua?"

"Alinipatia. Lakini ningekataa. Ningemwachia..."

"Sijakuuliza hiyo. Alikupatia ama ulichukua?"

"Alinipatia."

"Basi sikiza." Alisema polepole, kama mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini. "Miaka kumi na tatu niko na karatasi moja ya serikali. Inasema amekufa. Haisemi alikuwa na nani. Haisemi alikuwa mtu wa namna gani siku hiyo. Leo umeniletea kitu kikubwa, na papo hapo mlangoni unataka kukiharibu. Mume wangu alitoa chakula chake. Alitoa akijua. Usikigeuze kiwe wizi wako. Hicho ni changu."

Sigei alivua kofia. Sijawahi kuona mtu mzima akilia amesimama sawasawa hivyo.

Dorika hakumbembeleza. Alingoja amalize. Kisha akauliza amelala wapi. Sigei akachuchumaa, akachora kwa kijiti kwenye matope: mto unapopinda, mwamba, mianzi, mahali pa kichwa na mahali pa miguu. Aliitoa medali mfukoni akamwekea Dorika mkononi. Akaiangalia pande zote mbili, akaifunga kwenye pindo la leso yake.

Chai hakutupa. Karibuni tena hakusema. Tulipofika njiani akaita.

"Koplo! Hizo biskuti zilikuwa tamu?"

"Hapana, Mama. Zilikuwa ngumu kama mawe."

"Ndio maana alikupatia," akasema. "Huyo mtu alikuwa akipenda sukari mno." Na akacheka, kidogo, kama kikohozi, akageukia madebe yake.

Tumerudi kwa garimoshi la jioni. Karibu na Nakuru, Sigei alilala, kichwa kikagonga dirisha, hakuamka.

Jumatatu, 24 Juni

Darasa. Sigei ameandika ukurasa mzima. Makosa kumi na moja. Nimemwonyesha. Ameandika upya. Makosa manne.

Jumatano, 26 Juni

Makosa mawili. Herufi p na b zinamsumbua. Hata mimi zamani zilinisumbua, Mmaragoli na b ni watu wa kugombana. Tumefanya mazoezi mpaka wengine wamekwenda kula. Mpishi alituwekea ugali.

Ijumaa, 28 Juni

Mtihani.

Kuandika asubuhi. Kusimama mbele ya meza mchana. Kapteni katikati, Sajini-Meja kulia kwake, mimi kando na karatasi ya alama ambamo siruhusiwi kuandika kitu.

Sigei aliingia wa tisa. Saluti iliyofanya madirisha yalie.

Kapteni akauliza kombania ni nini. Akajibu bila kusita: platuni tatu na makao, watu mia na zaidi, mkubwa wao meja, na akikosekana, kapteni. Vizuri. Na neno lilitoka wapi?

"Lilitoka kwa watu wa zamani waliokula mkate pamoja, Afande. Hiyo ndiyo iko kwenye karatasi ya Mwalimu. Lakini karatasi haijamaliza." Alikuwa akitazama ukuta juu ya kichwa cha Kapteni kama inavyotakiwa. "Mkate ukiwa mwingi, hata watu wa sokoni wanakula pamoja. Hiyo si kombania. Siku iko mkate wa mtu mmoja, na watu ni wawili, na mmoja anasema kula wewe. Hapo ndipo kombania iko, Afande. Hata wakibaki wawili, iko. Hata akibaki mmoja, iko, kwa sababu yeye anatembea kwa nguvu ya yule mwingine."

Nzi alikuwa akitembea juu ya karatasi za Kapteni.

Kapteni akauliza umesoma wapi hayo, Koplo?

"Sikusoma, Afande. Nilikuwa hapo."

Mutiso alikuwa akitazama meza. Yeye pia ni mtu wa Burma. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Miaka yote nimemwona mtu wa mistari tu. Alitoa leso akapangusa pua, akasema baridi ya Lanet mbaya sana.

Sijui alama. Sijali. Najali sana.

Alhamisi, 4 Julai

Matokeo. Amepita.

Kuandika amepita kwa alama mbili tu juu ya mstari. Kusema amepata zote. Nilisoma jina lake kwenye ubao wa matangazo nikalisoma tena kwa kidole, kama ninavyowakataza wanafunzi kufanya.

Kapteni alitaka maneno ya Sigei yaingizwe kwenye ukurasa wa kombania, makuruta wayakariri. Akaniomba nimuulize. Sigei akakataa. Kwa heshima, lakini alikataa. Akasema hayo si ya kukaririwa, na pia si yake peke yake, kuna mtu Njoro wa kuulizwa kwanza. Nikampelekea Kapteni jibu. Alifikiri, akasema sawa. Ukurasa unabaki na hesabu na mkate. Unatosha. Wa kujifunza zaidi atajifunza njiani.

Likizo yangu bado imefutwa. Nilidhani Mutiso ataniita anirudishie. Hakuniita. Mstari umenyooka. Nimemwandikia mama aende mavunoni na dada yangu.

Jumanne, 9 Julai

Somo la hesabu za kugawanya. Wanachukia kugawanya. Mimi pia.

Jumamosi, 13 Julai

Leo kulikuwa na mgeni langoni. Askari wa zamu akaja darasani akasema kuna mwanamke anamtaka Koplo Sigei na yule mwalimu. Nikajua kabla hajamaliza.

Dorika alikuja na lori la maziwa la shamba. Amevaa gauni la kanisani. Hakutaka kukaa. Akasema ile ramani ya matope mvua ilikwisha kuifuta, na sasa alikuwa akilala akijiuliza mto ule uko nchi gani, mbali kiasi gani, na upande upi.

Nikafungua darasa. Kuna ramani ya dunia ukutani, kubwa, imechanika pembeni. Sigei akamwonyesha hapa tulipo. Kisha akatembeza kidole kuvuka bahari yote polepole, bila kuruka, kama alivyokwenda melini. Kisha pwani nyingine. Kisha milima. Akaacha kidole hapo. Dorika akaweka chake kando ya kile cha Sigei, akakaa nacho.

Akauliza kutoka mlangoni ni upande gani.

Tukatoka. Nikamwonyesha mashariki, juu ya mabati ya mabweni, juu ya milima ya Bahati.

"Kumbe ni huko linakotoka jua," akasema. "Mimi siku zote nilikuwa naangalia milima ya Mau, huko linakozama."

Akageuka akatazama huko. Sigei alisimama kando yake, mikono nyuma. Uwanjani makuruta walikuwa wakipumzika, mmoja akivua kiatu kutoa kijiwe. Upepo ulikuwa mdogo. Dereva wa lori alikuwa amezima injini barabarani, hakupiga honi.

Nikarudi ndani nikafuta ubao.